Siku Mama Alipotokea Kwenye Kundi la Mtaa

Jumanne, jioni. Bangwe.

Mvua iliyoanza adhuhuri imekatika sasa hivi, lakini ziwa bado lina rangi ya chuma na milima ya Kongo haionekani kabisa. Nimekaa kibarazani. Kiti kimelowa upande mmoja na sina nguvu ya kuinuka kutafuta kingine. Ndani mama anakoroga ugali kana kwamba leo ilikuwa siku kama nyingine. 

Ni muda sijaandika humu. Leo naandika kwa sababu nisipoandika sitalala.

Kwanza niseme ukweli: sijawahi kuchukia kuangaliwa. Masika yaliyopita wezi walivunja mlango wa jikoni nikiwa chumbani, peke yangu, nimeshika simu na sijui nimpigie nani. Aliyenisikia nikipiga kelele ni jirani yangu Baba Rehema, akatoka na tochi na rungu, nao wakakimbilia bondeni. Baada ya pale mtaa ukaamka. Tukafungua kundi la simu, tukaliita Mtaa Salama, na wenye uwezo wakachanga, ikawekwa kamera juu ya nguzo pale njia panda ya kwenda mwaloni, ufukweni wanapotua wavuvi. Siku inafungwa nilienda kuitazama kama watu wanavyokwenda kutazama bibi harusi. Nilishangilia.

Nilipokuwa nasoma Dar nilipita chini ya kamera nyingi kuliko hiyo. Benki, kituo cha mabasi, mlango wa kila duka kubwa. Hazikunipa amani hata kidogo, kwa sababu nilijua nikidondoka Kariakoo hakuna atakayejua nimetoka kwa nani. Hapa ilikuwa tofauti. Hapa wanaoniangalia wananijua jina. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Tangu Warundi waanze kuvuka tena, kundi limebadilika. Zamani ilikuwa mbuzi amepotea, umeme umekatika kwa nani, msiba uko wapi. Siku hizi ni picha za watu. Mwanaume mwenye begi. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kijana amekaa kwenye jiwe anaangalia ziwa. Chini yake maneno yaleyale: nani anamjua huyu? Mara nyingine mtu anajibu kwamba huyo ni shemeji yake, watu wanacheka, picha inasahaulika. Mara nyingine hakuna anayejibu, na baada ya muda mtu anaandika kwamba mgambo wameshaambiwa.

Nilikuwa nazitazama, kisha naweka simu chini na kuendelea na kazi. Nalala vizuri.

Mama alikuja Jumamosi kutoka Kidahwe. Jicho la kushoto limeota ukungu na hospitali wamempangia kesho asafishwe. Jana nilimpeleka kupimwa, nikamwacha kwenye benchi nikaenda kazini, na niliporudi kumchukua alikuwa tayari ana rafiki. Mama yangu hawezi kukaa mahali saa nzima bila kupata rafiki. Huyu anaitwa Goreti, Mrundi kutoka kambi ya wakimbizi, na mtoto wake wa kike, Divina, amelazwa wodi ya mifupa. Alianguka akitafuta kuni, akavunjika paja. Mguu umefungwa na kuning'inizwa kwa uzito, hatakiwi kujigeuza, na madaktari wamesema itachukua wiki nyingi. Kibali cha mama yake kutoka kambini kilikuwa cha siku chache.

Hayo yote mama alinisimulia njiani tukirudi, na mimi nilikuwa nasikia nusu. Nakumbuka alisema mtoto hali chakula cha pale na kwamba atampikia uji wa ulezi. Nikasema sawa mama.

Leo asubuhi nikaenda Kasingirima, kwenye duka la dawa ninakouza. Mama akabaki nyumbani. Akapika uji wake, akautia kwenye chupa ya chai, chupa kwenye kikapu, akashuka mwaloni kwa sababu Goreti alimwambia huwa anafulia nguo za mtoto pale ziwani kabla ya kupanda hospitali. Akamkuta. Wakasalimiana.

Kwa asiyetujua sisi Waha: mtu mzima hasalimii kwa kupunga mkono. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za huyu na za yule, na mwenzako anajibu anapiga makofi naye. Inachukua muda wake. Na Kiha na Kirundi vimekaribiana kiasi kwamba mtu wa pwani hawezi kuvitenganisha. Mama alikuwa anaongea Kiha. Goreti anamjibu Kirundi. Wote wawili wameinama, wanapiga makofi, kando ya beseni la nguo.

Mtu akawarekodi.

Simu ililia nikiwa namhudumia mteja. Ilikuwa video fupi. Nilimtambua mama kwa sauti kabla ya sura, kwa sababu aliyerekodi alikuwa nyuma yao. Kisha nikaona kikapu changu. Kisha nikaona visigino vya mama vilivyopasuka, ndani ya ndala zangu za bluu. Na juu ya yote ile sauti ya kiume, tulivu, karibu na simu: "Sikilizeni lugha hiyo. Hawa wametoroka kambini. Na huyo mzee sijui amebeba nini kwenye kikapu."

Ilikuwa sauti ya Baba Rehema.

Chini watu walikuwa wameshaanza. Mmoja ameandika wapelekwe. Mwingine anasifu umakini. Mwingine anauliza kwa nini wanazidi kushuka huku. Majina yote nayajua. Mmoja wao nilimpelekea dawa ya homa ya mtoto wake wiki iliyopita, hadi mlangoni.

Nilimpa mteja dawa ya kikohozi alipotaka ya minyoo. Akasoma boksi mwenyewe akanirudishia. Nikaandika: huyo ni mama yangu. Nikabonyeza. Mvua ilikuwa imeanza na mtandao umelala, ujumbe ukabaki na kile kisaa kidogo pembeni, haukwenda. Nikapiga simu kwa Baba Rehema, haipatikani. Mama simu yake aliiacha nyumbani, huwa anasema inamchoma kifuani.

Nilimwomba mwenzangu anishikie duka nikachukua bodaboda. Kutoka Kasingirima hadi Bangwe kwenye mvua ile, maji yanatuingia machoni, kijana wa watu anapunguza mwendo kwenye utelezi na mimi namsukuma mgongo aongeze. Njia nzima nilikuwa nafikiria jicho la mama. Kwamba hamwoni vizuri mtu anayemjia kwa upande wa kushoto. Kwamba mtu akimshika ghafla upande ule ataanguka.

Walikuwa ofisi ya kata. Nilielekezwa na watu waliojikinga mvua chini ya mabati ya duka, na waliniambia kwa furaha, kama watu wanaotoa habari njema.

Mama amekaa kwenye benchi, kikapu mapajani. Pembeni yake Goreti, mwanamke mwembamba, umri wangu, beseni la nguo zenye maji liko miguuni pake na maji yametengeneza kidimbwi sakafuni. Mgambo mmoja mlangoni. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyefokewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo baya zaidi na utulivu ule ukanitia hofu nyingine, nisiyoijua jina.

Mtendaji wa kata ni kijana mstaarabu. Alinipa kiti. Aliniuliza kama huyu ni mama yangu wa kunizaa, nikasema ndiyo. Akaomba kitambulisho chake. Kiko Kidahwe, kwenye sanduku, chini ya vitenge. Akasema ananielewa lakini kila anayeletwa hapa ana mtoto mjini na kitambulisho kwenye sanduku. Akamuuliza mama maswali mawili matatu kwa Kiswahili. Mama alijibu, lakini Kiswahili cha mama ni cha gulioni, kina Kiha ndani yake kuanzia mwanzo wa sentensi mpaka mwisho, na nilimwona mgambo akimtazama mtendaji.

Hapo ndipo mama alinigeukia akaniuliza kwa Kiha kama uji utakuwa bado wa moto.

Nilimjibu kwa Kiswahili.

Kiswahili kilichonyooka, cha shuleni, kwa sauti ya kusikika na wote. Sijui kama mama aliona. Mimi nilijisikia nikifanya hivyo. Nilitaka wasikie kwamba mimi ni wa hapa. Na kwa kufanya hivyo nilimwacha mama yangu peke yake kwenye lile benchi, nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwake.

Mwisho nikakumbuka namba ya mwenyekiti wa kijiji chetu. Mtendaji akampigia na kuweka sauti ya juu. Alipotajiwa jina la mama, mzee yule alisema huyo ndiye anayepiga kengele ya kanisa la kigango chao, na kama wanamweka huko mpaka Jumapili, watume mtu wa kuja kuipiga. Mtendaji akacheka. Mgambo akacheka. Mimi nikacheka na machozi yakanitoka. Tukaombwa radhi. Tukaambiwa tunaweza kwenda.

Mama hakuinuka.

Akaonyesha kwa kidevu upande wa Goreti, akauliza, "Na huyu?"

Mtendaji akamweleza kwa upole kwamba huyu ana utaratibu wake. Kibali kimeisha. Gari linakuja kumchukua, atarudishwa kambini, na huko ataomba kibali kingine. Mama akasema mtoto wake yuko wodini, amemwona kwa jicho lake hili moja. Mtendaji akasema mtoto yuko kwenye mikono salama ya hospitali.

"Basi nitakaa hapa," mama akasema, "mpaka atoke mtu mmoja aende akamwone."

Nikaingiwa na hasira. Naandika kama ilivyokuwa. Dirishani walikuwa wamejaa watu wanachungulia, mvua inawapiga migongoni na hawajali. Nilikuwa nimelowa, natetemeka, nimeacha kazi ya watu. Nilitaka tuondoke pale kabla mtu hajabadili mawazo. Nikainama nikamnong'oneza mama twende, hayo si yetu. Aliniangalia bila ukali wowote, kama anavyomwangalia mtoto wa mtu mwingine.

 Ndipo Goreti akasema, kwa Kiswahili cha taratibu, macho kwenye beseni, "Akiamka asiponiona, atashuka kitandani."

Hakurudia. Hakulia.

Nami nauza dawa, si daktari, lakini najua maana ya mtoto aliyening'inizwa mguu kushuka kitandani.

Nilitoka mbio. Bodaboda yule alikuwa bado yupo, naye alitaka kujua mwisho. Tukapanda hospitali. Kwenye ngazi za wodi nilikuwa nasikia mtoto analia na nikajiambia watoto wanalia hospitali zote, si lazima awe yeye.

Alikuwa yeye. Kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Alikuwa ameshateleza hadi kiunoni nje ya kitanda, mguu mmoja juu umeshikwa na kamba, sehemu nyingine ya mwili inaning'inia, na mama wa mgonjwa wa kitanda cha jirani amemkumbatia kifuani asianguke, anaita muuguzi kwa sauti iliyokauka. Sijui alikuwa amemshika kwa muda gani. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi. Tukamshika pamoja mpaka wauguzi walipofika, wakamrudisha, wakakagua mguu, wakafunga upya. Mtoto alikuwa analia neno moja tu, na nililielewa, kwa sababu ni lilelile nililokuwa nikimwita mama yangu nikiwa na umri wake.

"Mawe."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikamwambia kwa Kiha kwamba mama yake anakuja. Hapo Kiha kilitoka chenyewe. Akaninyamazia akinitazama mdomo. Nilikuwa nimeahidi kitu nisichokuwa na uwezo nacho.

Msimamizi wa wodi ni mama mtu mzima, sauti yake ni nzito. Nilimweleza yote. Akaomba namba ya mtendaji, akampigia palepale mbele yangu. Hakubishana habari za kibali. Alimwambia kwamba mtoto huyu hana mwangalizi mwingine, kwamba leo amekaribia kuharibu mguu wake maisha yote, na kwamba likitokea tena atataka kujua aandike kuwa ni kwa amri ya nani. Akasikiliza. Akasema anasubiri. Mtendaji naye akapiga simu kwa wakubwa zake, na sisi tukasubiri, na mvua ikagonga mabati ya wodi mpaka hatukusikiana. Divina alilala ameshika kidole changu.

Simu iliporudi, jibu lilikuwa hili: Goreti arudi wodini mpaka mtoto aruhusiwe. Lakini asitoke nje ya geti la hospitali. Akionekana mjini atapelekwa moja kwa moja.

Alifika na mgambo nyuma yake. Hakunitazama, alipita kama upepo hadi kitandani. Mama alifika baadaye kidogo kwa pikipiki ya mgambo mwenyewe, amekaa kiupande, kikapu mkononi, na la kwanza alilofanya ni kufungua chupa. Uji ulikuwa vuguvugu. Divina alikunywa wote. Sisi watu wazima tulisimama tukimwangalia anavyokunywa, na mgambo pia, kofia mkononi.

Beseni tulirudi nalo sisi. Goreti hawezi tena kushuka ziwani, kwa hiyo mama amesema nguo zitakuwa zinafuliwa kwangu. Hakuniuliza.

Baba Rehema alikuwa anatungoja kwenye ukuta wa nyumba. Alikuwa amevua kofia, amelowa chapachapa. Alimwamkia mama shikamoo, akainama, akamwomba msamaha. Mama alimwitikia marahaba na kumuuliza habari za nyumbani kwake, wote kwa zamu, mpaka mzee wa watu akaishiwa majibu. Kisha akanigeukia mimi.

"Sikumjua, dada. Nilikuwa nalinda mtaa."

Nikamwambia najua. Na kweli najua. Ni mtu yuleyule aliyetoka na tochi siku ile mimi nikiwa napiga kelele. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa na pa kuiweka hasira hii. Nikamuuliza kama angekuwa ni mama ya mtu mwingine, asiye na mtoto wa kuja mbio, angekuja kumwomba msamaha huyo.  Alisema hajui. Nilishukuru kwamba hakunidanganya.

Mtandao uliporudi ujumbe wangu ulikwenda, umechelewa nusu siku. Huyo ni mama yangu. Baada yake zimefuata pole nyingi, na mikono ya kuomba, na mtu mmoja ameandika kwamba hata hivyo ni bora kuwa waangalifu kuliko kujuta. Watu wamempigia makofi huyo kuliko waliotupa pole. Nimeandika kuhusu Divina na mguu wake, nikafuta. Nimeandika tena. Safari hii nimeutuma. Wamesoma wengi. Amejibu mmoja, mke wa Baba Rehema, ameuliza mtoto anavaa nguo za saizi gani.

Sijatoka kwenye kundi. Nilishika kitufe cha kutoka nikakiachia. Mlango wa jikoni bado ni ule uliovunjwa, na mimi bado naishi peke yangu, na nikisikia kishindo nitataka watu haohao waamke. Sitajifanya shujaa humu. Naogopa wezi. Tangu leo nawaogopa na wanaonilinda, na nitalazimika kuishi na hofu zote mbili kwenye nyumba yenye vyumba viwili.

Nilipomaliza kuanika hapa kibarazani, gauni tatu ndogo na shuka moja, mama alitoka akakaa karibu yangu. Nilimuuliza kama aliogopa. Akasema hapana, alikuwa na njaa tu. Halafu akasugua lile jicho, akasema kitu ambacho naona nitakuwa nacho miaka mingi.

"Mwana wanje, mwanangu, watu wengi wameniona leo. Ni yule mmoja tu wa kule ziwani aliyenisalimia."



Kesho anasafishwa jicho. Nilimwambia nitamwitia gari mpaka mlangoni, tupite barabara ya juu. Amekataa. Anataka tupite mwaloni kwa miguu, yeye na nguo za Divina zilizokauka, na atamsalimia kila atakayemkuta njiani, kwa kuinama, kwa makofi, kama anavyosalimia siku zote. Atanisemesha Kiha, kwa sauti kubwa, kwa sababu hajui kunong'ona.

Nami nitakuwa upande wake wa kushoto, upande asioona. Watu watakuwa wamesimama wanatazama, simu mikononi.

Namwomba Mungu sauti initoke, kwa Kiha.